Kiatu kimoja mkononi

Asubuhi moja nilikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili nimekishika mkononi. Nilipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Sikuwa nimesinzia. Sikuwa nalia. Sikuwa hata na wazo lolote ninaloweza kulikumbuka. Nilishika kiatu tu, kama mtu aliyekabidhiwa chombo asichojua kinatumikaje.

Mdogo wangu alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla ya asubuhi ile. Watu walikwishaacha kunipa pole, nami nilikwishaacha kuitarajia. Nilirudi kazini siku ya nane baada ya mazishi, nikachapa kazi kuliko wakati wowote, nikasifiwa. "Umejikaza," waliniambia, nami nikalipokea neno hilo kama nishani. Leo najua kilichojikaza ni taya, mabega na tumbo. Usiku nilikuwa nasaga meno mpaka gego moja likapasuka. Daktari wa meno ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kama kuna jambo linanikera moyoni. Nikamjibu hapana, huku mdomo umejaa pamba.

Tangu nianze kuieleza habari hii, swali ninaloulizwa zaidi ni: ulifanya nini ukapona? Muulizaji huwa anataka jina la kitu kimoja. Dawa gani, zoezi gani, dua gani. Au, kama amekuwa akisomasoma, anataka orodha yote: mwili, akili, roho, mahusiano, usingizi, pumzi, chakula, kila kitu kwa mpigo, kwa kuwa mtu hutibiwa akiwa kitu kizima. Nimezipita njia zote mbili. Ya kwanza ilinichelewesha. Ya pili nusura inimalize.

Tukisalimiana tunaulizana: u mzima? Na jibu hutoka kabla akili haijafika: mzima. Neno lenyewe lina mambo. Mzima ni asiye mgonjwa. Mzima ni aliye hai. Mzima ni kitu kisichomegwa, kama mwaka mzima. Ukishakua unaitwa mtu mzima, hata kama ndani umebaki vipandevipande. Kwa hiyo anayekuuliza kama u mzima amekuuliza maswali matatu au manne kwa pumzi moja, na wewe umeyajibu yote kwa uongo mmoja. (Na kuna kitenzi kinachofanana nalo kwa sauti, kile cha taa. Miezi ile mimi nilikuwa nakifahamu zaidi hicho.)

Waingereza walilipata neno lao la dhana hii, holism, mwaka 1926, lilipobuniwa na Jan Smuts, mwanasiasa wa Afrika Kusini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya kitu kizima. Mtu aliyefundisha kwamba kitu kizima ni zaidi ya jumla ya sehemu zake ndiye huyohuyo aliyekuwa waziri mkuu wa nchi iliyowatenga watu kwa rangi zao. Nalitaja hilo ili tusilisujudie neno. Halafu likaja Shirika la Afya Duniani, ambalo katiba yake ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, likasema afya ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kutokuwa na maradhi tu. Kamili! Kwa kipimo hicho, mwenye afya simjui.

Anayenisaidia zaidi ni George Engel, daktari wa Marekani aliyeandika mwaka 1977 kwamba udaktari unaotazama chembechembe za mwili peke yake haumfikii mgonjwa. Maradhi yana upande wa mwili, upande wa nafsi na upande wa watu na maisha yanayomzunguka mtu, na pande hizo zinavutana. Nilipomsoma mara ya kwanza nilichukua nusu ya maneno yake: kwamba pande ni nyingi. Nikaona basi kazi yangu ni kuzirekebisha zote. Ile nusu nyingine, ya kwamba zinavutana, ilinipita. Na ndiyo iliyokuja kuniokoa, maana kama pande zinavutana, huhitaji kuzishika zote. Shika moja iliyo karibu na mkono wako, uvute.

Lakini kwanza niseme habari za daftari.

Wiki iliyofuata siku ya kiatu nilinunua daftari jipya nikaandika mambo kumi na manne ya kufanya kila siku. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kutafakari dakika ishirini. Kuandika mambo matatu ya kushukuru. Kukimbia. Kunyoosha viungo. Maji lita mbili. Kutogusa simu hadi saa tatu. Kupiga simu kwa mtu mmoja nimpendaye. Mengine nimeyasahau, na ninashukuru kuyasahau; hilo lingefaa kuandikwa kwenye ile safu ya shukrani. Siku ya kwanza nilitimiza kumi na mawili. Siku ya nne, matano. Siku ya tisa nilikaa juu ya kitanda kilekile nikihesabu mistari mitupu, na kila mstari ulikuwa ushahidi dhidi yangu. Nilikuwa nimejitengenezea bosi wa pili, tena huyu ananifuata hadi chumbani.

Kuna ukatili katika orodha za namna ile ambao waandishi wake, naamini, hawaukusudii. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huanza kwa kukunyang'anya uwezo wa kupanga, kuanza na kuendelea. Orodha inakudai hivyohivyo vitatu, kisha inakuambia ukivitoa utapona.

Shangazi yangu ndiye aliyeukata mzunguko huo. Alipiga simu kwa jambo lake, akaniuliza kama ni mzima, na kwa sababu nisiyoijua nikamsimulia habari ya kiatu. Alinyamaza. Shangazi yangu si mtu wa kunyamaza.

"Dakika arobaini?"

"Arobaini, shangazi."

"Nenda hospitali, mwanangu. Kesho. Mengine tutazungumza ukitoka."

Nilitegemea aniambie nipige moyo konde. Angeniambia hivyo ningepiga, kama nilivyokuwa nikipiga miezi kumi na moja, na sijui leo ningekuwa wapi.

Daktari aliuliza maswali mawili kwanza. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi nimejikuta sina hamu wala sifurahii mambo ninayoyafanya? Ni mara ngapi nimejihisi mnyonge au nimekata tamaa? Baada ya hapo akatoa dodoso fupi la maswali 9, lile linalotumika katika kliniki nyingi duniani. Swali la tisa linahusu fikra za kufa au kujidhuru. Alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea la usingizi, bila kushusha macho, na utulivu wake huo ndio ulionifanya nijibu ukweli: sikuwa na mpango wa kujiua, ila kuna usiku nililala nikitumaini kutoamka. Hakushtuka. Aliuliza zaidi, akataka kujua nani anaishi nami, tukakubaliana nani nitampigia na niende wapi fikra hizo zikizidi. Msomaji, kama na wewe unazo, liache hili andiko ukamwambie mtu leo hii, au uende kituo cha afya kilicho karibu. Kutembea na kuvuta pumzi ni mambo ya baadaye.

Akaagiza damu ipimwe. Nilidhani anapoteza muda, maana mimi nilikwishajua ugonjwa wangu. Kumbe tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kivivu, mtu huchoka, huwa mzito, husononeka, na hakuna mazungumzo yatakayomponya mpaka apewe homoni inayokosekana. Upungufu wa damu nao huweza kujifanya huzuni, na upungufu wa vitamini B12 pia. Kwangu vyote vilikuwa sawa. Lakini nimekutana na dada mmoja aliyekaa miaka miwili akiambiwa ajiamini zaidi, wakati kilichohitajika kilikuwa kidonge kidogo cha thairoidi kila asubuhi. Anayedai kumtazama mtu mzima huku akiruka vipimo vya damu, huyo ametazama nusu.

Nilipewa dawa. Nilikuwa na dharau nazo, ile dharau ya mtu asiyewahi kuzihitaji. Wiki mbili za kwanza zilinipa kichefuchefu na kinywa kikavu, bila nafuu yoyote, na daktari alikuwa ameniambia hivyo mapema: dawa za sonona nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Karibu wiki ya tano niligundua nimesikia ndege. Hawakuwa wamehama kabla ya hapo. Mimi ndiye nilikuwa siwasikii.

Dawa haikunifurahisha, watu hukosea hapo. Iliinua sakafu kidogo, nikapata mahali pa kusimama, na kuanzia hapo ndipo ningeweza kushika kitu. Nilichoshika kwanza ni usingizi.

Hapa nitakaa kidogo.

Kila usiku niliamka saa nane. Nilikuwa najilazimisha kulala kwa kukaa kitandani muda mrefu zaidi: nikiingia saa tatu, nikitoka saa moja, saa kumi za kupigana na shuka ili nipate usingizi wa saa nne au tano. Mshauri nasaha niliyeanza kumwona aliniambia kitanda kimejifunza. Kitanda chako, alisema, hakijui tena kwamba ni mahali pa kulala. Kinajua ni mahali pa kuwaza. Maelekezo aliyonipa yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, aliyeyaeleza mwaka 1972, na mpaka leo ni sehemu ya tiba inayopendekezwa mwanzo kwa watu wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, hata kabla ya vidonge. Ni mepesi kwa kuyasikia. Nenda kitandani ukiwa na usingizi, si kwa kuwa saa imefika. Usifanyie kitandani kazi, simu wala hesabu za maisha. Ukiona usingizi hauji, yapata dakika ishirini kwa kukisia, maana kuitazama saa kila mara nako ni kesi nyingine, amka, toka chumbani, ukae penye mwanga hafifu ufanye jambo lisilosisimua, urudi ukisinzia. Na asubuhi uamke saa ileile, hata kama ulilala saa mbili tu. Mchana usijiibie usingizi.

Wiki mbili za kwanza nilimchukia mshauri yule kwa moyo wangu wote. Nilikuwa kama mzuka. Saa nane usiku nilikaa kwenye kiti nikisoma kitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia, kwa sababu ndicho kitu kisichosisimua kuliko vyote nilivyomiliki. Nimekisoma mara mbili. Naweza kukueleza habari za kichujio. Lakini uchovu ule si adhabu, ndio dawa yenyewe: kadiri mtu anavyokaa macho ndivyo mwili unavyolimbikiza deni la usingizi, na deni lile likifika kiwango chake, mwili hulipa wenyewe, hauombi ruhusa ya mawazo. Niliacha pia kahawa ya jioni. Kwa wastani kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni, ikifika saa nne usiku nusu yake bado iko kazini.

Wiki ya tatu nililala saa sita mfululizo. Ya nne, mara tatu. Na wiki ya tano lilitokea jambo ambalo sikulitarajia wala sikuliona katika orodha yoyote: nililia. Nilikuwa naosha vyombo, nikakumbuka jinsi mdogo wangu alivyokuwa akiita jina langu kwa kulivuta silabi ya mwisho, na machozi yakaja, mengi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikuwa nimevuta uzi wa usingizi, ukaja na msiba. Mwili uliochoka kupita kiasi hauna nguvu hata ya kulia.

Baada ya usingizi ikawa miguu. Wanasaikolojia, Peter Lewinsohn akiwa miongoni mwa waliotangulia katika miaka ya 1970, waliuona mzunguko huu: mtu akisononeka huacha shughuli zake, akiziacha hukosa yale yaliyokuwa yakimpa raha na maana, akiyakosa husononeka zaidi. Njia ya kutokea ni kuanza na kitendo bila kuisubiri hamu. Hamu ni mgeni anayefika sherehe ikikaribia kwisha. Mimi kazi yangu ya wiki ya kwanza, tuliyoiandika na mshauri kwenye kipande cha karatasi, ilikuwa moja: kuvaa viatu vyote viwili, kufika getini, kurudi. Sikuruhusiwa kuzidisha. Nilipomuuliza kwa nini nisiende mbali zaidi kama najisikia vizuri, alisema siku ya kujisikia vizuri ndiyo humwekea mtu deni la siku mbaya.

Kuna utafiti wa mwaka 1999 ambao watu wa mazoezi huutaja sana. James Blumenthal na wenzake walichukua watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na sonona, wakawagawa: wengine mazoezi, wengine dawa, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Nimeshaletewa utafiti huu mara nyingi na watu wanaotaka nitupe vidonge. Huwa nawaomba wausome wote. Waliopewa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Na waliofanya mazoezi hawakuwa peke yao barabarani. Walikutana kwa kundi, mara tatu kwa wiki, na msimamizi anayewajua. Sasa niambie, kilichowaponya ni miguu au ni kuwa na mtu anayeona hukuja Jumatano? Sidhani kama inawezekana kuvitenganisha, na sioni faida ya kuvitenganisha.

Pumzi nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa imesemwa kupita kiasi. Mtu anapotoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukivuta na kutoa polepole, kama mara sita kwa dakika, athari hiyo huonekana vizuri zaidi. Kiswahili kimekwisha kutuambia: kupumzika kumetokana na pumzi. Zoezi hili halikuniponya chochote. Liliniwezesha kumaliza vikao bila kukimbilia chooni, na kwa kipindi kile hilo halikuwa jambo dogo.

Kuandika hisia nako nilikujaribu. Mwanasaikolojia James Pennebaker alianza katika miaka ya 1980 kuwataka watu waandike kuhusu jambo lililowaumiza zaidi, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, na wengi baadaye walionekana kufaidika. Mimi nilifanya saa tano usiku, nikaharibu usingizi niliouhangaikia wiki tano. Nikaacha. Huenda mchana kungefaa.

Msiba wenyewe ulihitaji muda wake. Nilikwenda kwa mshauri nikiwa na hatua tano kichwani, kama tulivyozisikia wote: kukataa, hasira, kupatana, huzuni, kukubali. Nilitaka aniambie nimefika ya ngapi. Akaniuliza kama najua zimetoka wapi. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuzifanya ngazi ya kupandwa na kila aliyefiwa, moja baada ya nyingine, ni jambo ambalo wataalamu wa leo hawalikubali. Mshauri alinichorea kitu kingine, kutoka kwa watafiti wa msiba Margaret Stroebe na Henk Schut, waliokieleza mwaka 1999. Mfiwa, walisema, huyumba kati ya pande mbili. Upande mmoja anaukabili msiba: analia, anakumbuka, anatazama picha. Upande wa pili anayakabili maisha yaliyobaki: bili, kazi, vicheko, mambo mapya. Kuyumba kwenyewe ndiko kuomboleza. Anayekwama upande wowote mmoja ndiye anayeumia.

Miezi kumi na moja nilikwama upande wa pili. Nilikuwa bingwa wa bili na kazi. Na mara chache nilipocheka kwa dhati nilijihisi msaliti, kana kwamba kicheko kimemzika mara ya pili.

Basi nikapewa miadi na msiba. Jumamosi, dakika ishirini, na sanduku la vitu vyake: saa ya mkononi iliyosimama, fulana moja, tiketi ya basi aliyoiandikia namba ya simu ya mtu nisiyemjua, na simu yangu yenye ujumbe wake wa sauti. Ujumbe wa mwisho ni wa sekunde kumi na moja, ananiuliza nimeweka wapi chaja. Kengele ikilia nafunga sanduku, natoka nje, nafanya kazi ya mikono. Jumamosi ya kwanza nilikaa dakika sita. Ilichukua miezi kufika ishirini, na baadaye nikaanza kusahau kufungua, nikajihisi vibaya kwa kusahau, nikajihisi sawa.

Watu sasa. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi kumi na wanne. Wataalamu walikuwa wachache mno na wagonjwa wengi, kwa hiyo bibi walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kushughulikia tatizo moja moja. Hawakuuita ugonjwa kwa jina la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya mazungumzo waliiita kufungua mawazo. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, kati ya waliokaa kwenye benchi karibu asilimia 14 walikuwa bado na dalili za sonona, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 50. Ninachokipenda ni hicho cha tatizo moja. Bibi anamuuliza mtu ana matatizo gani, anayasikiliza yote, halafu anasema: tuchague moja. Natamani ningekutana na mmoja wao kabla ya kununua daftari.

Shangazi yangu hakufundishwa na yeyote. Alianza kunipigia kila Jumapili jioni. Nusu ya maongezi ilikuwa goti lake. Goti lilivyoamka, goti lilivyolala, daktari alivyosema kuhusu goti. Mwanzoni nilidhani hanisikilizi. Baadaye nikaelewa kwamba katika wiki nzima ile ndiyo saa pekee ambayo sikuwa mgonjwa wa mtu, nilikuwa mpwa tu, anayetakiwa kutoa maoni kuhusu bandeji. Na jirani mmoja, ambaye hata hakujua ninaumwa, aliniomba nimshikie ngazi akipaka rangi ukuta. Nilisimama saa nzima nimeshika ngazi. Watu walioniletea ushauri siwakumbuki wote, lakini ngazi ile naikumbuka hadi kutu yake.

Kwenye imani nitasema langu tu. Kusali kulinisaidia nilipoacha kusali ili nipone. Waliosema sonona yangu ni upungufu wa imani waliniongezea mzigo, na ningependa wajue hivyo.

Kuna pia wauzaji. Ukishajulikana unatafuta nafuu, wanakufikia. Mmoja aliniletea chupa ya mimea, akaniambia niache "kemikali", kwa kuwa hii ni ya asili. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Kuna mmea uitwao kwa Kiingereza St John's wort, unaouzwa sehemu nyingi kwa ajili ya huzuni, na kweli unafanya kazi mwilini. Ndiyo sababu una hatari. Huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, zikiwemo za kupanga uzazi na baadhi za virusi vya UKIMWI, na ukichanganywa na dawa za sonona waweza kuleta ugonjwa wa kutisha. Chochote unachotumia, mwambie daktari wako. Na vidonge haviachwi ghafla kwa sababu umeamka vizuri. Mimi nilivipunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi, baada ya mwaka na zaidi.

Jambo moja limenichukua muda mrefu kulisema bila hasira. Katika pande zote nilizofundishwa kuzitunza, hakuna aliyetaja barua pepe za saa nne usiku. Mwajiri wangu wa wakati ule alileta mtu wa kutufundisha kutafakari, saa ya chakula cha mchana, kisha tukarudi kwenye kazi ya watu watatu iliyobebeshwa mmoja. Nilifumba macho kama nilivyoelekezwa. Ila sehemu ya ugonjwa wangu haikuwa ndani yangu, na hakuna pumzi ingeifikia. Niliomba kupunguziwa majukumu, nikakataliwa, nikaondoka baada ya miezi saba, kwa hasara. Najua wengi hawana nafasi ya kuondoka. Ndiyo maana siwezi kuliandika hili kama ushauri.

Mwaka wa pili sonona ilirudi. Mwezi ule mdogo wangu aliofariki nilianza tena kuamka saa nane usiku, na safari hii nilijua jina la ninachokiona. Nilikasirika kama mtu aliyelipa deni akaletewa ankara ileile. Mshauri alinipa maneno ya mwanasaikolojia William Anthony, aliyeandika mwaka 1993 kwamba kupona ni kuishi maisha ya kuridhisha, yenye tumaini na mchango, hata kama ugonjwa umebakisha mipaka yake. Siku ile hayakunifariji. Nilitaka kupona kwa aina ile nyingine, ya jeraha linalofunga. Nilirudi kwenye kiti na kitabu cha mashine ya kufulia, nikampigia daktari, nikavaa viatu, nikaenda getini. Iliondoka baada ya wiki saba. Ya kwanza ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka.

Jumapili iliyopita shangazi alipiga kama kawaida.

"U mzima, mwanangu?"

"Leo si sana, shangazi."

Alinyamaza kidogo. Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Haya, nipo," akasema. Tulikaa hivyo kama dakika moja, simu ikivuma tu. Kisha akaendelea na goti pale alipokuwa ameliachia wiki iliyopita.